Vidole Vitatu Mdomoni

Katika kikundi chetu cha dansi, Dar es Salaam, kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na haina msamaha. Ukileta mwendo mpya mazoezini, hata kama ni kugeuza shingo tu, mwalimu anasimamisha kila kitu na kukuuliza, "Mwendo huu ni wa nani?" Lazima umtaje mwenyewe. Ni wa fundi viatu wa Mwananyamala akivuta uzi. Ni wa babu akiinuka kitini na mgongo unauma. Ukijibu kwamba umebuni tu, unakaa pembeni mpaka ukumbuke, kwa sababu mwalimu wetu haamini kama kuna mtu anayebuni mwendo. Anasema mwili hauna cha kwake, vyote umeokota mahali, na aliyeokota aseme alipookotea.

Mimi nilidanganya katika sheria hiyo. Nilidanganya mara moja tu, kwa sentensi fupi, na uongo huo ulinikaa tumboni miaka mitatu.

Tunacheza dansi ya kisasa, ile ambayo mtu akiiona mara ya kwanza anauliza wataanza saa ngapi wakati tunakaribia kumaliza. Ukumbi wetu uko nyuma ya gereji. Tunauchangia na mchoraji mmoja, mama anayeshona mavazi ya maonyesho, vijana wa ngoma, na fundi wa kuchomelea anayetengeneza ndege wakubwa kwa vyuma chakavu. Alhamisi wote tunakaa sakafuni kutazamana kazi. Huruhusiwi kusema umependa wala hujapenda kabla hujataja kitu kimoja ulichokiona. Ni watu wakali, wenye njaa ya kuona, na mimi nilikuwa nawaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu Katumba.

Kwetu ni Katumba, nje kidogo ya Mpanda, na Katumba ni tumbaku na mahindi. Nilianza kufunga majani ya tumbaku nikiwa na miaka saba, nimekaa karibu na mama kwenye kivuli cha bani, yaani ile nyumba ndefu ya udongo ya kukaushia. Unachukua majani matatu, unayakunja shingo, unazungusha kamba kwenye ufito, unakaza. Jani bichi linaacha gundi mikononi, mwanzo ya njano, baadaye nyeusi, chungu kiasi kwamba ukigusa chakula kabla hujasugua vidole kwa mchanga na sabuni, chakula hicho umwachie kuku. Kwa hiyo kila mfungaji wa tumbaku anajua jambo hili: jasho la usoni unalifuta kwa kifundo cha mkono, upande wa nyuma, vidole umevitupa mbali na uso.

Mama hakuwa mtu wa kupiga. Katika miaka yote niliyokaa naye alinipiga kwa kosa moja tu, kusogeza vidole karibu na mdomo. Hapo hakuonya. Alipiga mkono wangu kofi la ghafla, kisha akaendelea kufunga majani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzangu walichapwa kwa kuchelewa kisimani, mimi nilichapwa kwa kujikuna pua. Nilimwona mkorofi kwa hilo, na sikuwahi kumuuliza.

Siku ya uongo wangu tulikuwa mazoezini, mwalimu ametuambia tucheze kazi za nyumbani kwetu bila kupanga. Mwalimu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na macho yake yanaona hata kidole cha mguu kilicholala. Nilikuwa bado mgeni kikundini. Wenzangu walikuwa wamefanya mambo ya ajabu, mmoja alitwanga, mwingine alipara samaki, na mimi nikaanza kufunga majani. Funga, zungusha, kaza. Halafu, sijui kwa nini, mkono wangu wa kulia ulipanda, vidole vitatu vikaingia mdomoni, na nikasimama hivyo hivyo. Nilisimama muda mrefu. Nilipofumbua macho, wenzangu wote walikuwa wameacha kucheza.

"Huo," mwalimu alisema. "Rudia."

Nikarudia. Akazunguka akinitazama.

"Mwendo huu ni wa nani?"

Sikujua. Lakini nilikuwa mgeni, na sikutaka kukaa pembeni, na watu saba walikuwa wananitazama kama nimewaletea maji. Nikasema, "Wa mama yangu."

"Anafanya nini?"

"Anaonja jani. Kujua kama limekomaa."

Hata mbuzi wa Katumba hali tumbaku. Hakuna binadamu kuanzia Mpanda mpaka Mwese anayeonja jani la tumbaku kujua kama limekomaa. Jani linatazamwa rangi, basi. Lakini ukumbini hakukuwa na mtu wa kunipinga, na mwalimu alifunga macho kama anayeomba. Kutokana na mwendo ule akatunga dansi nzima ya dakika arobaini. Katikati yake wote saba tunaacha kufunga, tunaingiza vidole vitatu mdomoni, tunasimama kwa hesabu ya nane. Ndipo watu wanapolia. Niliona wanawake wa mjini, wenye kucha za rangi, wakifuta machozi kwa ajili ya mama yangu aliyekuwa anaonja sumu. Na kila onyesho mwalimu alitangulia mbele akaeleza, "Mwendo huu ni wa mama mmoja wa Katumba." Mimi nyuma ya pazia nasubiri amalize.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inakwenda Katumba. Tulipata mwaliko wa kucheza Mpanda, na mwalimu akaongeza siku moja kwa furaha yake mwenyewe, kama zawadi kwangu. Tungecheza kijijini kwetu, mbele ya mama. Alitangaza hilo Alhamisi, ukumbi umejaa. Fundi wa kuchomelea akanipigia makofi. Nilicheka na watu huku nahesabu wiki zilizobaki.

Niseme ukweli wangu ninavyoujua. Sikuogopa sana mwalimu. Niliogopa mama asikie mtu mgeni, mwenye kipaza sauti, akimwambia mbele ya wanawake wenzake wa kanisani kwamba yeye huweka tumbaku mdomoni. Watu wa kwetu, waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi, wamekaa miaka mingi wakiambiwa nyie si wa hapa, kisha wakaambiwa haya, sasa ni wa hapa, na katika miaka hiyo walijifunza kutotoa maneno yao nje. Mama akiulizwa na mgeni hali yake anasema nzuri, akiulizwa mavuno anasema ya kiasi. Mimi nilikuwa nampelekea lori la watu kumweka uwanjani. Tena kwa uongo. Na hakuwa amewahi kuniona nikicheza. Kanisani alikuwa amewaambia kuwa mwanawe ni mwalimu, basi, hakufafanua wa nini. Nilijua akiona jambo lile, atadhani binti yake amekwenda mjini kutafuta riziki kwa kumcheka mama yake.

Nilijaribu kumwambia mwalimu mara nne. Mara ya kwanza alikuwa anakula, nikaona nisimharibie chakula. Mara ya pili nilianza vizuri, nikasema, "Mwalimu, kuhusu ule mwendo wa vidole," naye akanishika bega akasema ule mwendo ndio uti wa mgongo wa kazi yetu. Nani anamwambia mtu kwamba uti wake wa mgongo ni wa uongo? Mara ya tatu na ya nne sikufika hata kwenye mlango wake. Kwa simu nilimpigia mama nikamwambia tunakuja kucheza, akauliza tu, "Mnakula ugali wa muhogo nyie watu wa mjini?" Nikasema wanakula. Akasema basi njooni.

Mpanda tulicheza ukumbini siku mbili. Mwenye duka moja la vitambaa karibu na soko, mzee Mwislamu mchangamfu aliyekuja kutuona jioni ya kwanza, alinisimamisha kesho yake nilipopita. "Dada," akasema, "ile mliyokuwa mnakula pale katikati ni tumbaku au mchicha?" Akacheka mpaka kofia ikasogea. Nikamwambia ni dansi ya kisasa. Akasema aah, basi sawa, ya kisasa inaweza kuliwa. Nilirudi nyumba ya wageni kwa njia ya nyuma, nisipite tena dukani kwake.

Siku ya Katumba ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tatu, mvua imetuachia nafasi. Tulitandika turubai kwenye uwanja wa shule ya msingi saa nane, onyesho lianze saa tisa. Sikuwa nimefikiria jambo moja dogo. Ulikuwa msimu wa kufunga majani. Wanawake walitoka moja kwa moja kwenye mabani, wakakaa mbele chini kwenye khanga zao, na vidole vyao vyote vilikuwa vyeusi. Safu nzima ya vidole vyeusi vimewekwa magotini. Mama alikuwa wa tatu kutoka kulia, amevaa gauni la kanisani, mikono hakuwa ameisugua vizuri.

Nilikimbia kwa mwalimu nikamwomba utambulisho nitoe mimi, kwa Kirundi, wazee waelewe. Akafurahi. "Nyumbani kwenu, sema wewe." Nikasimama nikasema habari zenu wazazi, sisi tunacheza kazi za watu, leo tutacheza ya kwenu. Nikaishia hapo. Mwalimu alitabasamu akidhani nimesema yote. Kwa hiyo maneno niliyazuia. Lakini vidole ningevizuiaje? Kulikuwa na wenzangu sita, wamezoea miaka mitatu, na kuvunja mwendo wa pamoja katika kikundi chetu ni kama kuondoka kanisani wakati wa sala huku unapiga mluzi.

Tulianza. Walitutazama vizuri mwanzoni, wakitambua kazi yao. Niliwasikia wakisahihishana, yule anakaza kamba vizuri, yule mrefu ufito wake ungeanguka. Nilikuwa katikati ya mstari. Kila hesabu ilinisogeza karibu na pale pahali, na nilimwona mama, mgongo wima, mikono imetulia, uso wake hausemi kitu. Hesabu ya saba. Ya nane. Wenzangu sita wakaingiza vidole vitatu mdomoni.

Wanawake walishtuka kwa sauti moja. Mmoja akasema kwa Kirundi, wazi kabisa, kwamba hawa watoto wa watu watakufa hapa na sisi tutaulizwa. Uwanja ukaangua kicheko. Mimi mkono wangu ulipanda pamoja na wenzangu, lakini ulipokaribia uso niliugeuza. Nikatupa vidole nje, nikafuta paji la uso kwa kifundo cha mkono, na nikasimama hivyo kwa hesabu ya nane, peke yangu. Kicheko kikapungua. Mama alikuwa ameinama, ameficha uso kwenye khanga. Sikuweza kujua anacheka au analia, na tulikuwa bado na dakika kumi na tano za kucheza.

Baada ya makofi, ambayo yalikuwa mengi, mwalimu alitukusanya nyuma ya darasa. Hakupandisha sauti.

"Leo mmoja wetu amecheza kazi yake. Mwendo ule wa kifundo ni wa nani?"

"Wa mama yangu," nikasema.

"Na wa vidole?"

Wenzangu walianza kutazama viatu vyao.

"Miaka mitatu nimesimama mbele za watu nikisema vidole ni vya mama yako."

"Nilikudanganya, Mwalimu. Hapa hakuna anayeonja tumbaku. Ni sumu. Nilisema tu."

Sijawahi kuona uso wake ukizeeka haraka namna ile. "Basi ni vya nani?"

"Sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Unaijua sheria. Kaa pembeni mpaka ukumbuke." Akawaambia wengine wapakie vitu, wanarudi Mpanda, gari letu la Dar linaondoka keshokutwa asubuhi. Kwangu ilimaanisha sina kikundi. Kazi ya tumbaku niliyoiacha nyumbani kwa ajili yake, watu wa Alhamisi, yote nilikuwa nimeyapoteza kwa sentensi moja niliyoisema ili nisikae pembeni.

Nilikwenda kwa mama kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Nilimkuta uani amechuchumaa, anasugua mikono kwa mchanga na sabuni, nikachuchumaa upande wa pili wa beseni bila kusalimia. Alisugua kidole kimoja kimoja. Kisha akaanza kusema, bila kuniangalia.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, Mama?"

"Usinichoshe. Vidole."

Nikasema sijaambiwa kitu na mtu. Akanitazama, akipima kama nasema kweli, kisha akarudi kwenye sabuni yake.

"Ulikuwa na miaka mitatu," akasema. "Nilikuwa nafunga majani ya mtu, kibarua, na bani lilikuwa liwashwe siku ile ile. Nikakuweka karibu na lundo. Nikasema nitamaliza ufito huu, halafu huu. Nilipogeuka ulikuwa umeweka vidole mdomoni, vitatu, unanyonya. Umekaa kimya kabisa. Nikafurahi kwamba umetulia." Akamwaga maji, akachota mengine. "Ulitapika mpaka ukawa kama nguo iliyofuliwa. Nilikubeba mpaka zahanati mbio. Mganga wa pale akaniuliza amekula nini. Nikasema muhogo mchungu."

"Kwa nini?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikuona umetulia nikaendelea kufunga?" Mikono yake ilikuwa safi sasa lakini hakuacha kusugua. "Baba yako alikufa anajua ni muhogo. Kila mtu anajua ni muhogo. Leo nimekaa pale na wenzangu wote, naona watu sita wazima wanaingiza vidole mdomoni, na wewe ndiye umewaleta. Nikasema haya. Amekua, amekwenda kusoma mambo ya mjini, amerudi kunianika."

Nilikumbuka makofi yake yote kwenye mkono wangu, moja moja.

"Halafu wewe, uliye katikati, ukaugeuza mkono," akasema. "Ukafuta jasho kama mimi. Nikajua hapana. Amenisitiri. Watoto wa siku hizi hawajui hilo. Mungu akubariki, mwanangu."

Akanishika mikono kwa mikono yake yenye maji. Hapo ningepaswa kusema. Ningepaswa kumwambia kwamba sikujua lolote la kumsitiri, kwamba niligeuza mkono ili uongo wangu usionekane, kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nimemtangaza kwa watu wa Dar es Salaam kama mwanamke anayeonja tumbaku. Nilifungua kinywa. Alikuwa ananitazama kwa shukrani, na kwa aibu, na sijawahi kutazamwa hivyo na mzazi. Nikasema, "Amina, Mama." Tukaingia ndani akanipakulia ugali.

Kesho yake mchana nilimkuta mwalimu Mpanda, kwenye baraza la nyumba ya wageni, anakunja mavazi. Nikamwambia nimekumbuka. Mwendo wa vidole ni wangu, wa utotoni, na zaidi ya hapo siwezi kusema kwa sababu si siri yangu. Alikunja gauni moja, akakunja la pili. "Mwendo una mwenyewe," akasema, "inatosha." Tangu siku hiyo hatangulii mbele kueleza kitu. Tunacheza vile vile, sita kwa vidole na mmoja kwa kifundo. Watu wa Alhamisi walisema wameona mtu mmoja anayejua jambo ambalo wengine hawajaambiwa, na wakabishana juu ya hilo mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Mwaka huu nilitaka kuyaandika haya, na sikuweza bila ruhusa. Nikampigia simu mama. Nikamwambia sitaweka jina lake wala la mtu yeyote. Nikasikia kuku wake na redio ya jirani.

"Yangu yaandike," akasema. "Nimezeeka, yamenichosha. Lakini na lile uliloninyamazia pale kwenye beseni, nalo uliandike."

Nikamuuliza lipi. Akasema yeye halijui, alijua tu kwamba lipo, kwa sababu amina yangu ilichelewa.